Kopo la Flashi Mlangoni kwa Katibu

Ukitaka kuingia ofisini kwa Katibu ilikubidi kwanza utoe flashi yako mfukoni uitumbukize kwenye kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa waya mlangoni. Mzee mmoja wa kutoka bondeni alivua na viatu kabisa, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Katibu hakucheka. Alimwambia avae viatu vyake, viatu havina ugonjwa, vyenye ugonjwa ni hivi vidude. Kisha akalitikisa lile kopo, likalia, na mzee akarudi nyuma hatua moja kama ameonyeshwa nyoka.

Namzungumzia Katibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho pale Chilangala, ambako nilikuwa karani wake kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alizaliwa wapi na lini sitaeleza. Ukoo wake nao utajitokeza wenyewe huko mbele, kwa sura ya mtu mmoja, na huyo mmoja anatosha. Jina lake silitaji kwa sababu halitumiki. Kijiji kizima kilimwita Katibu, mkewe alimwita Katibu, na hata alipokiacha kiti aliendelea kuitwa hivyo.

Nasema mapema kwamba simpendi. Watu wakinisikia namsimulia hudhani namsifu, kwa kuwa mengi niliyo nayo juu yake ni mazuri. Hiyo ndiyo taabu ya mtu yule. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningeshamsahau.

Huku juu Newala mtoto hujua ubwiriunga kabla hajajua kusoma. Ni ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho unga mweupe mpaka yakakauka, na mwaka huo huna korosho, huna sare za shule, huna bati la kuziba paa linapovuja. Dawa yake ni salfa, inayopulizwa kwa bomba alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani. Nayo hupulizwa mapema. Ukishauona weupe kwenye ua, umechelewa.

Katibu aliichukua elimu hiyo ya shambani akaiingiza ofisini, na nakubali kwamba sijasikia mtu aliyeeleza habari ya virusi vya kompyuta vizuri kuliko yeye. Alisema kompyuta iliyopigwa Windows leo ni ua lililochanua leo. Halijamkosea mtu, na ndiyo maana kila ugonjwa unalitaka. Programu ya kukinga virusi aliiita salfa. Kompyuta ambayo haijawekewa kinga aliiita "haijapuliziwa", na neno hilo likazoeleka mpaka wakulima wasiojua hata kuwasha kompyuta wakawa wanauliza mlangoni, "Katibu, leo imepuliziwa?"

Utaratibu wake haukubadilika. Windows ikishapigwa, intaneti haiunganishwi mpaka ukuta wa kinga uwe umewashwa. Kisha anazima ule mtindo wa flashi kujifungua yenyewe inapochomekwa, akisema mgeni hajifungulii mlango. Kisha anafungua jina la kazi lisilo na mamlaka ya kusakinisha kitu, na jina lenye mamlaka analiwekea neno la siri ambalo hata mimi sikulijua. Kisha ndiyo intaneti, na salfa inapakuliwa na kusasishwa, mstari ule wa kijani unatambaa taratibu kwa bando la simu yake, naye amekaa mbele yake mikono mapajani. Mpaka mstari ufike mwisho hakuna kitu kinachochomekwa. Si flashi wala simu. Printa yenyewe ilisubiri.

Aliyeuliza, "Hata mimi, Katibu?" alijibiwa jibu moja tu.

"Hata mama yangu mzazi."

Usidhani ni maneno ya mdomoni. Mama yake mzazi alikuja siku moja na simu iliyozimika, akaomba ichajiwe kwenye kompyuta kwa kuwa aliona wengine wakifanya hivyo mjini. Katibu alimwamkia, akamkalisha kwenye benchi la nje, akaichukua ile simu akatoka nayo juani mpaka kibanda cha sola, akailipia, akamrudishia mama yake habari kwamba itakuwa tayari mchana. Bibi yule akatutangazia sote tuliokuwa pale kwamba alidhani amezaa mtoto, kumbe amezaa afisa forodha. Tulicheka sana. Katibu alicheka pia, na ilikuwa nadra.

Afisa mmoja kutoka wilayani alikuja na ripoti yake kwenye flashi, ana haraka, gari linanguruma nje. Kompyuta ilikuwa imepigwa Windows asubuhi ile. Katibu alimwonyesha kopo. Afisa akataja cheo chake. Katibu akamwambia cheo anakiheshimu, ila virusi havisomi vyeo. Yule bwana aliondoka amenuna, na sisi tuliobaki tulijiona tumekua kimo. Ndivyo alivyokuwa akitufanya tujione.

Kwenye mizani alikuwa vilevile. Wakati wa msimu, walanguzi wa kangomba wanapozunguka usiku kununua korosho kwa vibaba, na makarani wa vyama vingine wanapojifunza kubonyeza mizani kwa goti, kwetu gunia lilipimwa likaonekana na wote. Shemeji yake mwenyewe alileta korosho mbichi zenye maji akitegemea ushemeji. Katibu alizimwaga kwenye turubai mbele ya watu na kumwambia azianike. Mke wa Katibu hakuzungumza naye kwa muda, na chakula kililetwa ofisini na mtoto wa jirani.

Alikuwa na mambo yake ambayo hayakukaa pamoja. Salfa yake ya kompyuta aliinunua halali, aliagiza mpaka Mtwara, na risiti akaibandika ukutani. Lakini Windows yenyewe ilikuwa ya kudurufu, fundi wa Masasi alikuja nayo kwenye sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Nilimuuliza inakuwaje anunue kufuli ya halali kwa nyumba ya wizi. Akasema nyumba ni ya chama, kufuli ni yake. Alikataza mtu kula korosho za kukaanga karibu na kibodi, na yeye akanywea chai juu yake. Aliweza kukupa fedha ya nauli bila kuombwa, halafu akakusema wiki nzima kwa kuacha swichi inawaka. Mimi alinifundisha kazi yote niijuayo leo, ninayolia nayo na kula nayo, na hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Karani.

Kiswahili chake kilikuwa cha mikutanoni, kimepigwa pasi. Chimakonde alikitumia akikasirika. Na kulikuwa na lugha ya tatu ambayo ilinichukua miaka kuielewa. Swali likija ambalo ukweli wake ungemgharimu, hakusema uongo. Ninamjua, hakuwahi kusema uongo. Alivua miwani, akashika pindo la shati lake, akaanza kuifuta, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, akarudia cha kulia, mpaka mwingine aseme. Mtu akikosa subira akajijibu mwenyewe, Katibu huvaa miwani na mambo yanaendelea. Nilidhani ni busara. Wengi pale bado wanadhani hivyo.

Sasa nimtaje mjomba.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba wa Katibu ndiye aliyempeleka jando, ndiye aliyeuza mbuzi ili asome, ndiye aliyekwenda kumposea. Alikuwa mzee mrefu mwenye kanzu safi na bakora, mtu wa sala tano, mpole tena. Sina baya la kusema juu yake yeye mwenyewe. Akipita barabarani, Katibu aliacha kalamu, akatoka nje, akamsindikiza kipande cha njia akiwa amembebea mwavuli. Aliyemfukuza afisa wa wilaya alikaa chini kwenye mkeka mjomba wake akiwa kwenye kiti, na hakunyoosha miguu. Nilipenda kumwona hivyo. Nilisema moyoni, huyu bwana kumbe ana mtu anayemwogopa.

Mwaka ule diski ya kompyuta ya chama ilianza kukwaruza, inawaka inazima. Ndani yake kulikuwa na uhakiki wote wa wakulima. Nieleze uhakiki, maana ndiko maisha yetu yalikolala. Mimi na wenzangu tulikuwa tumetembea shamba hadi shamba, tukaandika jina la kila mkulima na mikorosho yake, nikaingiza kwenye kompyuta. Majina hayo yalitakiwa yafike wilayani kabla maua hayajachanua, kwa sababu salfa ya mgao haikutolewa kwa nyuso za watu, ilitolewa kwa majina yaliyofika. Mama yangu, Mama Salum, alikuwa mjane mwenye mikorosho yake ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapoanza kushuka. Hakuwa na kitu kingine, na salfa ya dukani hakuiweza. Jina lake lilikuwa humo. Nililiandika mimi.

Katibu akaunakili uhakiki wote kwenye flashi nyeusi, akaifungia kwenye droo. Makaratasi tuliyoandikia shambani tuliyaweka kwenye gunia kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Fundi akapanda bodaboda kutoka Masasi na diski mpya, akaifunga, akapiga Windows, akakimbilia kazi nyingine Lulindi. Katibu akaanza utaratibu wake. Ukuta wa kinga akauwasha. Intaneti akaunganisha. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, siku hiyo mtandao ukiwa mzito. Akaninyooshea kidole. "Karani, hapa hapaguswi."

Mjomba akaingia.

Hakupita kwenye kopo. Wajukuu na wapwa zake walikuwa jandoni, walitarajiwa kutoka Jumamosi, na yeye ndiye mwenye shughuli. Kadi za mwaliko zilikuwa zimetengenezwa Newala mjini, lakini wino wa kule umekwisha, wakamwekea kwenye flashi. Akaitoa mfukoni mwa kanzu, imefungwa ndani ya leso. Alikuwa na furaha, na furaha ya mzee ina uzito wake.

Katibu alisimama. Nilimwona akiutazama ule mstari, haujafika hata nusu. Nikamwamkia mzee, shikamoo babu, akaitika marahaba, nikasema kwa adabu yote niliyofunzwa kwamba kompyuta ni mpya, bado haijapuliziwa, tungeomba asubiri kidogo. Mzee hakukasirika. Alimgeukia mpwa wake na kumuuliza kwa upole kabisa.

"Ofisi hii ni ya binti huyu?"

Katibu akasema hapana. Akaipokea ile flashi kwa mikono miwili, goti limekunjika kidogo, akaichomeka.

Kadi zilitoka nzuri, zina mauamaua pembeni. Mzee alinipa moja na mimi, akaniambia nisikose. Alipoondoka, Katibu alikuwa ameshachangamka na ametulia. Nafikiri alijiambia kwamba lililoingia limeshaingia na halikuleta neno. Akafungua droo, akatoa flashi nyeusi, akaichomeka ili aurudishe uhakiki. Nilimwambia ngoja kwanza mstari ufike. Akasema leo nimekuwa mwalimu wake.

Asubuhi yake mafaili yote ya uhakiki yalikuwa na mikia ya herufi zisizosomeka, na hakuna hata moja lililofunguka. Kwenye flashi nyeusi yalikuwa hivyohivyo. Salfa ilikuwa imeshafika mwisho wa mstari wake, nayo ikatuonyesha kwa maandishi mekundu ni kirusi gani na kimepitia wapi. Kikulacho ki nguoni mwako. Katibu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Haya ni ya ofisini."

Tuliyamwaga makaratasi kutoka kwenye gunia, tukaanza kuandika upya, jina kwa jina. Mengine mvua ya shambani ilikuwa imeyafuta, ikabidi nirudi kwa wenyewe kuuliza. Tulipofikisha majina wilayani, vyama vya jirani vilikuwa vimeshabeba salfa yao na mabomba yananguruma ng'ambo ya barabara. Ya kwetu ilikuja mwisho. Niliibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa mama. Alikuwa amesimama chini ya mkorosho wake wa kwanza, ameshika kikonyo cha maua, na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Aliniambia niuweke chini ule mfuko. "Hapo tutampulizia maiti," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza hivyo, mama yangu alikuwa mtu wa kusema Mungu atajalia.

Mkutano wa wanachama uliitishwa ndani ya ghala, nalo lilikuwa tupu kabisa hata halijafagiliwa kwa ajili ya msimu. Watu walikuwa na hasira. Walitaka kujua kwa nini chama chao kimekuwa cha mwisho. Katibu akaeleza kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi kwamba kompyuta ilipata maambukizi, kwamba kuna flashi iliyoingia kabla ya wakati wake. Maneno hayo yote ni kweli. Mwenyekiti akauliza ni flashi ya nani. Kisha akasema ofisi ina watu wawili, na kama si ya Katibu basi ni ya karani, au vipi?

Katibu alivua miwani.

Nilimtazama akishika pindo la shati. Kioo cha kulia. Kioo cha kushoto. Nilisubiri, kwa sababu nilikuwa bado namheshimu, na nilijua anajua kwamba mama yangu amekaa kwenye jamvi la wanawake hatua chache kutoka pale. Aliporudi kwenye kioo cha kulia nikasimama. Nikasema flashi ile ni ya mjomba wake, aliichomeka yeye mwenyewe mbele ya macho yangu, na nilimkataza.

Mjomba alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya bakora, anatazama chini. Sidhani hata alielewa kosa lake ni nini, alichojua ni kwamba alitengenezewa kadi. Kisha minong'ono ikaanza, na haikuwa juu ya flashi. Bibi mmoja wa upande wangu mwenyewe, aliyenibeba nikiwa mchanga, alinivuta kanga.

"Kaa chini, mwanangu. Mtu mzima hatajwi hivyo mkutanoni."

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama ana la kujibu. Bado alikuwa anafuta. Basi watu wakajijibu wenyewe, kama alivyowazoesha. Vijana na flashi zao za miziki. Wasichana wa siku hizi hawana haya, wanamsingizia mzee wa watu. Kabla wiki haijaisha nilikabidhi ufunguo. Aliupokea Katibu, akasema "Asante, Karani," na nilitoka nikapita kwenye lile kopo bado limening'inia mlangoni pake.

Siku ya mkutano, njiani kurudi, tulifika kwenye mikorosho ya mama. Hapo akasimama. Akaniambia ananiamini. Akaniambia pia kwamba kuamini kwake hakuoteshi ua.

Mwaka ule aliikodisha mikorosho yote kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, kwa misimu kadhaa mbele, ili tule na ndugu yangu Salum amalize chuo chake cha ufundi. Ndivyo watu wetu wanavyofanya wakibanwa, na ndivyo wanavyoipoteza. Msimu uliofuata maua yalikubali vizuri sana. Mabibo yalianguka mekundu na ya njano mpaka chini hapaonekani, na mama akakaa kibarazani akisikiliza watu wa kukodi wakiokota korosho zake na kuimba. Hakuruhusiwa hata kuokota za kuchoma. Alikufa kabla mikorosho haijamrudia. Waganga walisema moyo. Mimi nilikuwa nimeshahamia Masasi wakati huo, kutafuta maisha. Katibu alikuja mazikoni. Alitupia udongo, akatupa pole, akamshikia mjomba wake mwavuli.

Mganga hajigangi, husema watu wakimsamehe mtu. Mimi sijasamehe. Nimetafuta ndani yangu nikakuta hasira bado iko palepale.

Nina duka la kuchapa na kudurufu Masasi, kwenye barabara inayokwenda stendi. Kopo sina, lakini nina karatasi niliyoibandika juu ya kompyuta inayosema SUBIRI IPULIZIWE, na wateja wasiojua korosho hunicheka. Siku moja, mwaka jana, fundi alikuwa amenipigia Windows upya asubuhi. Ukuta wa kinga nimeuwasha, jina la kazi nimelifungua, mstari wa kijani unatambaa. Kivuli kikaziba mlango. Nilimjua kwa jinsi alivyosita pale, anatafuta kopo la kutumbukiza.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, Karani."

Alikuwa amezeeka haraka. Mjomba alikuwa amefariki, na yeye sasa ndiye mjomba wa wote. Wapwa zake walikuwa jandoni, wanatoka karibuni, ana kadi za kuchapisha. Akanipa flashi, imefungwa ndani ya leso. Sidhani alikumbuka. Au alikumbuka, na ndiyo maana alikuja kwangu ilhali Newala nako kuna maduka, sijui. Nikamwambia mashine ni mpya, bado haijapuliziwa. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mwalimu.

"Hata mimi?"

"Hata mama yangu mzazi," nikasema.

Tabasamu likaondoka. Alirudisha flashi mfukoni, akakaa kwenye benchi. Hakukuwa na mtu mwingine dukani. Mstari ulisogea. Baada ya muda alisema, akitazama sakafu, "Siku ile ulisema kweli."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka, na yalipofika yaliniumiza kuliko ukimya wake. Nikamwambia mimi nilisema mbele ya watu.

Na hapo akaingia Mama Zuhura, mkulima wa Chilangala, alikuja Masasi kwa mambo ya hospitali na alitaka kutoa nakala ya kadi yake. Siku ya mkutano alikuwa kwenye jamvi lile la wanawake, bega kwa bega na mama yangu. Alifurahi kutukuta. Akamwamkia Katibu, akanisalimia, akauliza tunazungumza nini wazee wa ofisi.

Nikasema, "Katibu, mwambie na Mama Zuhura ulichoniambia sasa hivi."

Alinitazama. Nadhani ndiyo mara pekee aliyowahi kunitazama hivyo, bila cheo, uso mtupu wa mtu. Niliona midomo yake ikijiandaa. Kisha mkono ukapanda ukavua miwani, na mwingine ukashuka kutafuta pindo la shati.

Mama Zuhura alisubiri kidogo, halafu akacheka akajijibu mwenyewe. "Si habari za virusi vyake hizo? Katibu na kompyuta, hawaachani." Akanipa kadi yake nimtolee nakala kwenye mashine ya pembeni. Nilimtolea. Nilipogeuka, Katibu alikuwa amevaa miwani na amesimama. Akasema hataki kunichelewesha, mstari bado mrefu, gari la Newala halingoji.

Alivuka barabara taratibu, akipisha bodaboda. Ng'ambo kuna duka jingine kama langu. Nilimwona akifungua leso. Dada wa pale aliinuka kwenye kiti, akamwamkia, akaipokea ile flashi kwa mikono miwili, akaichomeka.